Kisanduku kimoja hakimtoshi mtu mzima: barua ya wazi kuhusu vipimo vya akili

Kwa wakuu wa idara za utumishi, wenyeviti wa bodi za tiba na fidia, na wote wenye mamlaka ya kuidhinisha vipimo vya kisaikolojia.

YAH: NAMBA YA IQ KATIKA FOMU ZENU

Waheshimiwa,

Salaam. Mimi ni mpimaji wa akili za watu wazima. Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kukaa meza moja na mtu nisiyemjua, saa moja na nusu hivi, nikimsomea maswali, nikimpa vibao vya kupanga, nikibonyeza saa ya sekunde, kisha nikienda kuandika ripoti. Ripoti huwa na kurasa sita au saba. Ikishafika mezani kwenu hubaki namba moja ndani ya kisanduku kimoja cha fomu, kilichoandikwa "IQ", ufupisho wa Kiingereza wa alama ya akili. Fomu hizo zikinirudia zimeshagongwa mhuri, na maamuzi yaliyomo yananionyesha kwamba ukurasa wa pili wa ripoti haukusomwa. Barua za ndani kuhusu jambo hili nimeandika zaidi ya mara moja. Leo naandika hadharani.

Kipimo cha akili cha mtu mzima kimejengwa kwa sehemu nyingi, na kimejengwa hivyo kwa makusudi. Kinasema kweli pale tu mtu anapolinganishwa na watu wa umri wake, wenye lugha na maisha yanayofanana na yake. Ukiziondoa sehemu zile, ukaondoa na watu wa kulinganishwa nao, namba inayobaki haina cha kukuambia kuhusu mtu aliyekaa mbele yako.

Nianze na mama mmoja. Alikuwa amekaimu usimamizi wa ghala kwa miaka miwili. Mwajiri wake akaamua kwamba wote wanaokaimu wapimwe kabla ya kuthibitishwa kazini, akaweka na alama ya chini ya kupita. Kipimo tulichopewa kilikuwa tafsiri ya Kiswahili ya kipimo cha kigeni, iliyofanywa ofisini na mtu mwenye nia njema. Majedwali ya kulinganishia alama yalibaki yale yale ya kule kilikotoka. Tulipofika kwenye tarakimu nikamwambia, "Mama, nitakutajia tarakimu. Nikinyamaza, uzirudie kama nilivyozitaja." Nikaanza, tarakimu moja kila sekunde kama mwongozo unavyotaka. Sita, moja, tisa, nne, saba, tatu. Alifumba macho, midomo ikawa inacheza bila sauti. Nne za mwanzo alizirudia sawasawa. Kwenye ya tano akababaika, akafungua macho, akasema, "Ilikuwepo sasa hivi, imenitoroka."

Tamkeni wenyewe: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba, nane, tisa. Kila moja ina silabi mbili, hata hiyo nne ambayo kwenye maandishi inaonekana fupi. Kwa Kiingereza, kuanzia moja hadi tisa, ukiitoa saba zote ni za silabi moja. Na mtu anayeshika tarakimu kichwani huwa anazirudia kimoyomoyo. Mwaka 1975 mwanasaikolojia Alan Baddeley na wenzake walionyesha kwamba kiasi tunachoweza kukishika kwa njia hiyo kinakaribiana na kile tunachoweza kukitamka kwa takriban sekunde mbili. Mwaka 1980 watafiti wawili, Ellis na Hennelly, wakawapima watu waliozungumza Kiwelisi, lugha ya Wales, na Kiingereza, wakakuta watu wale wale wanakumbuka tarakimu nyingi zaidi kwa Kiingereza, kwa kuwa majina ya tarakimu za Kiwelisi huchukua muda mrefu zaidi kutamka. Mtu ni yule yule na kichwa chake ni kile kile. Kilichobadilika ni lugha aliyohesabia.

Mama yule alikosa nafasi kwa alama tatu. Siwezi kuapa kwamba ni tarakimu zilizomnyima. Ninachoweza kuapa ni kwamba alilinganishwa na jedwali la watu waliohesabu kwa silabi moja moja, na kwamba mtu aliyekuwa akijua kila kreti iliko katika ghala zima bila kufungua daftari aliandikiwa kwamba kumbukumbu yake ni dhaifu. Mimi ndiye niliyeandika. Niliweka angalizo kwenye ukurasa wa nne.

Ili mwone kwa nini jambo hili si la mtu mmoja, lazima nirudi nyuma kidogo.

Kipimo hiki hakikuanzia kwa watu wazima. Mwaka 1905, jijini Paris, Alfred Binet na Théodore Simon walitunga majaribio 30, kuanzia jepesi hadi gumu, ili kuwatambua watoto waliohitaji msaada wa pekee shuleni. Binet alipinga wazo kwamba alama yake ni kipimo cha kitu kisichobadilika ndani ya mtoto. Alikuwa anatafuta nani asaidiwe. Mwaka 1908 wakaongeza wazo la umri wa akili: mtoto anayeweza yale yanayowezwa na watoto wa miaka 10 ana umri wa akili wa miaka 10. Mwaka 1912 William Stern wa Ujerumani akapendekeza umri huo ugawanywe kwa umri wa kuzaliwa, na mwaka 1916 Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, akatoa toleo lake ambamo jibu linazidishwa kwa 100. Hiyo ndiyo IQ ya kwanza.

Kwa mtoto hesabu hiyo inaeleweka. Mwenye miaka 8 anayefanya ya miaka 10 anapata 125. Sasa ijaribuni kwa mtu wa miaka 40. Ili apate 125 inabidi afanye ya miaka 50, na mtu wa miaka 50 anafanya nini kwenye karatasi ambacho wa miaka 40 hawezi? Hakuna. Ukuaji wa namna ile hukoma ujanani, huku umri wa kuzaliwa ukiendelea kupanda, kwa hiyo kadiri mtu anavyozeeka hesabu ingemwonyesha anapungukiwa akili kila siku ya kuzaliwa kwake. Terman aliliona hilo akaweka ukomo: kila mtu mzima ahesabiwe kana kwamba ana miaka 16. Kiraka hicho kilificha tundu bila kuliziba.

Kisha ikaja vita. Mwaka 1917 Marekani ilipoingia katika Vita Kuu ya Kwanza, kundi la wanasaikolojia chini ya Robert Yerkes lilitengeneza vipimo viwili vya kupima wanajeshi kwa makundi: Alpha kwa waliojua kusoma Kiingereza, na Beta, ya michoro, kwa wasiojua. Watu wapatao 1,750,000 walipimwa. Alpha iliuliza Christy Mathewson ni maarufu kwa kazi gani, kana kwamba kumjua mchezaji wa besiboli ni dalili ya akili. Katika Beta mtu alionyeshwa mchoro uliopungukiwa na kitu, akichore. Uwanja wa tenisi hauna wavu. Gramafoni, ile mashine ya kupigia santuri, haina honi ya kutolea sauti. Fikirini kijana aliyetoka kushuka melini, ambaye hajawahi kuiona gramafoni, ameshika penseli labda kwa mara ya kwanza, ndani ya ukumbi uliojaa watu na sauti za amri. Hajui kilichopungua. Kutojua kwake kukahesabiwa kuwa ndiyo akili yake.

Matokeo yalipojumlishwa ilisemekana kwamba umri wa akili wa wastani wa mwanajeshi mweupe wa Marekani ni kama miaka 13. Mwandishi wa habari Walter Lippmann aliijibu hoja hiyo mwaka 1922 kwa jambo ambalo mtoto wa shule angeliona: mtu mzima wa kawaida hawezi kuwa chini ya mtu mzima wa kawaida. Kama kipimo kinasema hivyo, kosa liko kwenye kipimo. Lakini namba zilikuwa zimeshatoka nje. Mwaka 1923 mwanasaikolojia Carl Brigham alizitumia kuandika kitabu kilichopanga watu wa mataifa mbalimbali kwa ngazi za akili. Mwaka uliofuata Marekani ilipitisha sheria ya kuwabana wahamiaji kwa kufuata mataifa yao. Wanahistoria wanabishana kitabu kile kilichangia kiasi gani. Mwaka 1930 Brigham mwenyewe aliandika kukana hitimisho lake, akikiri kwamba vipimo vile havikustahili kutumika kulinganisha watu wa lugha na malezi tofauti. Namheshimu kwa hilo. Ila sheria ilikuwa na miaka sita tayari, na waliozuiwa walikuwa wameshazuiwa.

Waheshimiwa, nawaomba mkae hapo kidogo. Wanasayansi wale walikosea, lakini hawakuwa na mamlaka ya kumfungia mtu mlango. Mamlaka yalikuwa kwa watu wenye kazi kama zenu.

Mmoja wa vijana waliosahihisha karatasi za Alpha jeshini aliitwa David Wechsler. Alizaliwa Romania mwaka 1896, akahamia Marekani na wazazi wake akiwa mtoto. Baadaye alipewa kazi ya kuwapima mmoja mmoja wale walioanguka kwenye vipimo vya makundi, na hapo ndipo alipokutana na jambo lililomwongoza maisha yake yote: watu ambao karatasi iliwaita punguani walikuwa na kazi, walikuwa na familia, walikuwa wameendesha maisha yao vizuri tu kabla ya kuvaa sare. Kuna kijana mmoja kutoka Oklahoma aliyemwandikia habari, fundi wa kuchimba visima vya mafuta, aliyelisha nyumba yake kwa ustadi wa mikono yake. Kipimo kilimpa umri wa akili wa mtoto mdogo. Wechsler alikubali kwamba alama ilihesabiwa sawasawa, na bado hakukubali kwamba inamweleza yule mtu.

Mwaka 1932 akawa mwanasaikolojia mkuu wa hospitali ya Bellevue, New York, na mwaka 1939 akatoa kipimo chake, cha kwanza cha namna yake kulengwa kwa watu wazima. Sehemu nyingi hakuzibuni. Alikusanya: maarifa ya jumla na hesabu vilifanana na vya Alpha, picha zilizopungukiwa zilitoka kwenye ukoo wa Beta, vibao vya rangi vya kupanga mchoro vilikuwa vya Samuel Kohs. Kipya kilikuwa katika kuviunganisha. Kwanza, alitaka sehemu za maneno na sehemu za kutenda ziwe ndani ya kipimo kimoja na zipimwe kwa mtu yule yule, ili anayekwama kwa maneno aonekane anachokiweza kwa macho na mikono. Pili, aliutupa umri wa akili. Akasema mtu alinganishwe na watu wa rika lake: wastani wa rika uitwe 100, na hatua za juu na chini zihesabiwe kwa 15. Ndiyo maana leo katika kila watu 100, karibu 68 huwa kati ya 85 na 115, na wapatao 2 tu huwa chini ya 70.

Kwa hiyo IQ ya siku hizi inaonyesha nafasi ya mtu katika foleni ya rika lake. Akili ndani ya kichwa haipimwi kwa debe. Na hili lina uzito kwa walioko ofisi za ajira. Mzee wa miaka 65 na kijana wa miaka 25 wakipata 100 kila mmoja, kila mmoja yuko katikati ya foleni yake. Mzee anaweza kuwa amekamilisha machache kuliko kijana kwenye sehemu inayopima kasi na bado akapewa 100 halali kabisa. Mkiwapanga wawili hao kwa IQ zao ili kuchagua mmoja, mmelinganisha nafasi katika foleni mbili zisizokutana.

Wechsler aliendelea kusema maisha yake yote kwamba akili ya mtu ni uwezo wake mzima wa kutenda kwa kusudi, kufikiri kwa mantiki na kuyamudu mazingira yake, na kwamba ndani yake kuna bidii, ustahimilivu na hamu, mambo ambayo maswali yake hayakuyagusa. Sisi wenyewe lugha yetu inalijua hilo. Tunaposema mtu ana akili, tunaweza kumaanisha mwepesi wa kuelewa, au mwenye busara, au anayejua kuishi na watu, na wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mtunzi wa kipimo hakutaka namba yake iyameze yote hayo.

Sasa tufungue sanduku tuone kilichomo. Kipimo cha 1939 kilifuatwa na toleo la 1955 lililoitwa WAIS, kifupi cha jina la Kiingereza la kipimo cha akili cha Wechsler kwa watu wazima, lenye sehemu 11, sita za maneno na tano za kutenda. Likarekebishwa mwaka 1981, 1997, 2008 na 2024. Katika toleo la 2008, ambalo nimelitumia kuliko yote, kuna sehemu 10 za msingi katika makundi manne. Kundi la kwanza ni uelewa wa maneno: eleza maana ya neno, eleza vitu viwili vinafananaje, jibu maswali ya maarifa ya jumla. La pili ni kufikiri kwa kuona: panga vibao vilingane na mchoro, tafuta kipande kinachokamilisha mfululizo. La tatu ni kumbukumbu ya papo kwa papo, ile ya kushika kitu kichwani huku ukikifanyia kazi. Hapo ndipo zilipo tarakimu na hesabu za kichwa. La nne ni kasi ya kazi nyepesi ya macho na mkono, kama kunakili alama ndogo ndogo kwa kufuata ufunguo uliochapwa juu ya karatasi, saa ikienda. Kila sehemu hupewa alama yenye wastani wa 10, kila kundi huwa na alama yake yenye wastani wa 100, kisha inapatikana ya jumla. Toleo la 2024 limegawa lile kundi la pili, yamekuwa matano.

Makundi hayo hayazeeki pamoja. Wanasaikolojia Raymond Cattell na baadaye John Horn walitofautisha akili ya kutatua jambo jipya kabisa na akili iliyojengwa na elimu na uzoefu. Kasi na utatuzi wa jambo jipya huanza kushuka mapema katika utu uzima. Msamiati na maarifa husimama imara, hata kuongezeka, hadi uzeeni. Hayaumii pamoja pia. Na hapo namleta mtu wa pili.

Huyu alikuwa karani wa kupokea na kuhakiki hati, aliyepata kiharusi. Miezi minane baadaye bodi ya fidia ilitaka kujua kama anaweza kurudi kazini, nikampima. Safari hii kipimo kilikuwa katika lugha aliyosomea na kufanyia kazi, na majedwali yalimfaa. Uelewa wa maneno: 114. Alizungumza vizuri, akaeleza maana za maneno kwa ufasaha ambao ningependa kuwa nao mimi. Kufikiri kwa kuona: 98. Kumbukumbu ya papo kwa papo: 89. Tukafika kwenye kunakili alama. Alishika penseli, akatazama ufunguo, akashusha macho kwenye kisanduku, akarudisha macho juu kuhakikisha, akashuka tena, akaandika. Akarudia hivyo kwa kila alama moja. Hakukosea hata moja. Dakika mbili zilipokwisha alikuwa hajafika nusu ya wanapofika wenzake, na jasho lilikuwa limelowesha ukosi. Kasi: 71.

Jumla ilitoka 94. Bodi ikasoma 94, ikaona iko ndani ya kawaida, ikafunga faili na kumrudisha kwenye dirisha lile lile, watu wamepanga mstari, hati zinaingia moja baada ya nyingine. Baada ya miezi mitatu aliacha kazi mwenyewe, bila fidia, akiamini kwamba amekuwa mvivu kwa sababu wataalamu walimwambia yuko sawa. Niliandika kwenye ukurasa wa tatu kwamba tofauti kati ya 114 na 71 ni kubwa mno kiasi kwamba alama ya jumla haifai kutumika, na kwamba anaweza kazi yoyote ya kusoma na kufikiri mradi asikimbizwe. Ile 94 haikumweleza. Ni wastani wa watu wawili waliokuwa wanaishi ndani ya mwili mmoja baada ya ugonjwa, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na 94.

Namleta kwa sababu mara nyingi tunapolalamikia IQ tunawafikiria walioshushwa. Huyu aliumizwa na namba nzuri.

Jambo jingine ambalo kisanduku hakina nafasi nalo ni kosa la kipimo. Mtu yule yule akipimwa wiki hii na mwezi ujao hatapata namba ile ile, hata mpimaji akiwa makini kiasi gani. Kwa alama ya jumla tunatakiwa kutaja masafa, kama pointi nne au tano juu na chini. Ripoti ikisema 72, inasema mtu huyu huenda yuko mahali fulani kati ya 68 na 77. Mahakama ya Juu ya Marekani iliwahi kulazimika kulitamka hilo katika kesi ya uhai na kifo. Mwaka 2002 ilikataza kutekeleza hukumu ya kifo kwa mtu mwenye ulemavu wa akili. Jimbo la Florida likachora mstari kwenye 70 kamili: mfungwa aliyezidi hapo hakuruhusiwa hata kuleta ushahidi mwingine wa maisha yake. Freddie Lee Hall alikuwa na 71. Mwaka 2014, kwa kura 5 dhidi ya 4, mahakama ilisema mstari mkavu wa namna hiyo unapuuza kile ambacho kipimo chenyewe kinakiri. Ninyi hamhukumu kifo. Lakini alama zenu za kupita zimechorwa kwa rula ile ile, na mama wa ghala aliangukia ndani ya masafa ya kosa.

Kuhusu ajira, kuna hukumu ya zamani zaidi ambayo ningependa ibandikwe ukutani katika kila ofisi ya utumishi. Kampuni ya umeme ya Duke Power ilikuwa inataka wafanyakazi wawe na cheti cha sekondari au wafaulu vipimo viwili, kimojawapo kipimo cha akili cha Wonderlic chenye maswali 50 ya dakika 12. Mwaka 1971, katika kesi ya Griggs, mahakama hiyo hiyo iliuliza swali moja: alama hizi zinahusiana vipi na kazi yenyewe? Kampuni haikuweza kuonyesha. Wafanyakazi Weusi ndio waliokuwa wanachujwa nje, na mahakama ikasema kwa kauli moja kwamba nia njema haitoshi. Kipimo kiendane na kazi. Nami nauliza vivyo hivyo kuhusu ghala. Ni lini mtu alikaa akatazama wasimamizi wazuri wa ghala wanapata alama gani kwenye tarakimu?

Nirudi kwenye tafsiri, maana najua kuna watakaosema, basi tafsirini vizuri zaidi. Kutafsiri vizuri ni lazima, lakini hakutoshi. Chukueni sehemu ya kufanana. Kwa mfano wangu mwenyewe, usio swali la kipimo chochote: jembe na shoka vinafananaje? Anayesema "vyote ni zana" hupata alama mbili. Anayesema "vyote vina mpini" hupata moja. Anayesema "jembe linalima, shoka linakata" hapati kitu. Miaka ya 1931 na 1932 mwanasaikolojia wa Kisovieti Alexander Luria alikwenda Uzbekistan akawaonyesha wakulima ambao hawakupita shule michoro ya nyundo, msumeno, shoka na gogo, akawauliza kipi si mwenzao. Wengi walikataa kulitoa gogo. Bila gogo, walisema, zana hizi zina kazi gani? Hilo ni jibu la mtu anayefikiri, tena anafikiri kuhusu kazi. Kuweka vitu chini ya jina la jumla ni mazoea ya darasani, na kipimo kinapotoa alama mbili kwa mazoea hayo kinapima shule pamoja na akili. Huwezi kulitenganisha hilo kwa kamusi. Unalitenganisha kwa kwenda kwa watu wenyewe, wengi, wa kila rika na kila kiwango cha elimu, kuwapima, na kutengeneza majedwali yao. Toleo la WAIS la 2008 lilipimwa kwa watu 2,200 wa Marekani waliopangwa katika marika 13, kuanzia miaka 16 hadi 90, kabla halijamgusa mgonjwa yeyote.

Na majedwali huzeeka. Mtafiti James Flynn alionyesha katika miaka ya 1980 kwamba alama za watu wa Marekani zilikuwa zikipanda kwa takriban pointi 3 kila muongo, na hali kama hiyo ikaonekana katika nchi nyingine nyingi. Hiyo ni sababu mojawapo ya matoleo kurudiwa. Ofisi inayotumia nakala za fotokopi za kipimo cha 1981 inampima mtu wa leo kwa foleni ya babu yake.

Yote haya yana gharama, na ninyi ndio wenye bajeti. Naomba, kwanza, msiidhinishe kipimo chochote cha akili cha watu wazima kwa Kiswahili ambacho hakijapimwa kwa wazungumzaji wa Kiswahili wenyewe. Tume ya Kimataifa ya Vipimo ina mwongozo wa kutafsiri na kurekebisha vipimo, toleo lake la pili ni la 2017, na hakuna sababu ya kuanza na karatasi tupu. Mpaka majedwali hayo yapatikane, tarakimu na kufanana visiingizwe kwenye uamuzi wa kazi ya mtu. Vyuo vyetu vina vijana wanaoiweza kazi hiyo. Nimewafundisha baadhi yao, na wanachosubiri ni kuambiwa waanze.

Naomba pia aliyepimwa asomewe matokeo yake, kwa lugha yake, na mtu aliyempima. Yule karani alistahili kusikia kwamba mikono yake imepungua kasi na kichwa chake kiko pale pale. Angeambiwa hivyo siku ile, asingejiita mvivu.

Na kisanduku kiondolewe. Mahali pake pawekwe mistari minne au mitano, mmoja kwa kila kundi la alama, pamoja na masafa ya kosa, toleo na mwaka wa kipimo, lugha iliyotumika, na majedwali ya nani yalitumika. Itaongeza nusu ukurasa. Jumatatu nina mtu mwingine wa kumpima, fomu yake imeshaletwa, na kisanduku kipo juu kulia kama kawaida. Nitakiacha wazi, niandike pembeni yake "tazama ukurasa wa pili hadi wa saba". Nawaomba msiirudishe fomu hiyo kwa kuwa haijakamilika.

Wenu katika kazi,

Mpimaji